Babu Taa na Kiti cha Kaka

Jumatatu, 4 Machi

Kaka anahama Jumamosi. Kaniambia asubuhi huku anapiga mswaki, kwa sauti ya mtu anayetangaza kwamba maji yamekatika. Anakwenda kukaa kwa binti yake, yule nesi, mji mwingine kabisa, safari ya kutwa nzima kwa basi. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema mimi ni mtu mzima. Uzushi! Yeye kanilea, anajua.

Nyumba hii ni ya wazazi wetu. Tumeishi humu wawili tangu mke wake alipofariki na wangu alipochoka. Eti sasa na yeye kachoka. Kachoka nini? Kutwa yuko kwenye kiti chake cha mbao pale dirishani, anasikiliza redio. Mimi ndiye fundi wa televisheni, mimi ndiye mwenye haki ya kuchoka, ingawa ni kweli kwamba mwaka huu hakuna aliyeniletea hata rimoti.

Tabia zake nazo zimeharibika. Leo kamimina chai huku katumbukiza kidole ndani ya kikombe. Kidole! Mama angefufuka. Nikamwambia huko aendako ataniaibisha kwa watu. Akacheka, akafuta kidole kwenye shati.

Mchana nikalificha sanduku lake la safari stoo, nyuma ya matairi. Mpango mdogo tu, wa kumchelewesha. Na nyuma ya matairi nikakuta nini? Kompyuta ya baba!

Ilikuwa imefungwa kwenye shuka. Ile ile, kibodi nene yenye mashine tumboni, vitufe vya mpira, rangi imegeuka njano kama jino la mvuta tumbaku. Baba aliileta kutoka ofisini tulipokuwa wadogo, na mtaa mzima ukaja kuitazama kama mtoto mchanga. Mchezo ulikuwa mmoja tu, kwenye kaseti. Jina lake la kigeni halikuwa linasomeka, sisi tukauita Babu Taa. Kibabu cha vidoti, taa kichwani, anateremka mgodini kuokota mawe yanayong'aa. Popo wanamfukuza, maji yanadondoka, ngazi zinakatika, na taa inaishiwa mafuta. Kila kitu na mlio wake: popo ti-ti-ti, maji to, ngazi kru-kru. Mnacheza wawili kwa kupokezana.

Kaka hakuwahi kushindwa. Hata siku moja. Mimi sikuwahi kushinda, ambalo ni jambo lile lile ila linauma zaidi.

Basi mpango mkubwa ukanijia hapo hapo, nimekaa juu ya tairi. Kaka hajawahi kukataa mchezo. Nitaiwasha mashine, atashika vitufe, utoto utamrudia, atasahau basi. Na nikimshinda, kiburi chake hakitamruhusu kuondoka bila kulipiza. Mpango hauna tundu hata la sindano.

Niandike na hili, maana humu hasomi mtu. Naogopa. Nyumba ikibaki na mtu mmoja, jioni kutakuwa na mlio wa friji tu.

Jumanne, 5 Machi

Mashine inawaka! Kitaa chekundu kimewaka baada ya kuchomelea waya mbili na kuungua vidole vitatu. Nimeruka peke yangu.

Tatizo: televisheni. Hizi za siku hizi, bapa kama sinia, haziijui hata salamu ya mashine hii. Inataka televisheni ya kichogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene. Fundi wa televisheni sina televisheni. Mganga hajigangi.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara anayo. Imekaa juu ya kabati lake, juu yake kaweka kopo la maua ya plastiki. Kinyozi na mimi hatupatani tangu aliponinyoa upande mmoja akaenda kupokea simu. Lakini shida haina adui. Nikaenda, nikaisifu saluni yake, nikaomba. Akasema televisheni hana haja nayo, ila wateja wake wanasubiri wamesimama. Anachotaka ni kiti.

Nikafikiri haraka. Kaka akihama, kiti hakihitaji. Nikakibeba kiti, nikavuka barabara, nikapokea kichogo. Niko katikati ya barabara nimekumbatia televisheni ndipo nikakumbuka kwamba mpango wenyewe ni Kaka asihame. Nikasimama kidogo. Lakini ilikuwa nzito, na pikipiki zilikuwa zinapiga honi, na mtu hawezi kufikiri sawasawa akiwa amebeba kichogo. Nikaendelea.

Kaka karudi kutoka matembezi yake. Siku hizi anatembea kwa mtindo mpya, mkono ukutani, kama bwana afya anayekagua nyufa. Kaenda moja kwa moja dirishani, kageuka, kakaa. Hewani! Puu! Mtu mzima chini.

Mchana kweupe, kiti hakipo, na yeye anakaa! Nikamwambia mwenye macho haambiwi tazama. Alibaki pale sakafuni, mkono unapapasa kulia, unapapasa kushoto. Akauliza kiti kiko wapi. Nikasema nimekipeleka kupigwa vanishi, zawadi ya kumuaga. Akasema asante.

Nikamletea kreti ya soda akalie. Akaishika pembe zote nne kwanza, ndipo akakaa. Hakulalamika. Hiyo ndiyo tabia yake inayoniudhi kuliko zote. Na ile asante imenikaa kooni mpaka sasa.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya mkosi. Natamani nisiandike.

Mashine hizi za zamani zikizimwa zinasahau kila kitu. Mchezo unakaa kwenye kaseti, na kila ukitaka kucheza lazima uilishe mashine upya kwa redio kaseti. Unabonyeza, redio inapiga kelele za kukwaruza kama paka kabanwa mlangoni, skrini inacheza mistari, na wewe unangoja kwa adabu. Mtu akikanyaga sakafu kwa nguvu, unaanza mwanzo. Sisi tulikuwa tunakaa tumebana pumzi. Mama alidhani tunasali.

Redio kaseti ya baba ninayo. Ila ule mkanda wake wa mpira wa ndani umeyeyuka, umekuwa lami. Maduka yote ya vipuri wamenicheka, mmoja kamwita mwenzake aje acheke naye. Nikarudi nyumbani, nikatoa lastiki ya suruali niliyovaa. Ikaingia sawasawa! Suruali tangu hapo naishika kwa mkono.

Sasa. Fundi yeyote anajua kwamba ukibadilisha mkanda lazima upime mwendo. Unarekodi sauti yako, unaisikiliza. Ukisikika kama bata, inakwenda mbio. Nilihitaji kaseti ya kurekodia, na kaseti iliyokuwapo ni moja, ya Babu Taa. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa amevunja kile kibanzi cha plastiki mgongoni mwake ili isirekodiwe juu yake kamwe. Nikaliziba tundu kwa plasta ya kidonda. Nia yangu ilikuwa kurekodi kule mwisho, sehemu tupu.

Lakini asubuhi nilikuwa nimeirudisha mwanzo. Ili iwe tayari.

Nikabonyeza vitufe viwili. Nikasema: Jaribio, jaribio, moja mbili, fundi yuko kazini. Nikaimba kidogo. Nikasikiliza. Sauti safi kabisa, si bata, si simba! Nikaunganisha mashine kwa furaha. Babu Taa hakutokea. Skrini ilingoja, ikangoja, na redio ikasema kwa sauti yangu: Fundi yuko kazini.

Nimemfuta. Kichwa cha mchezo chote nimekifuta, na bila kichwa mashine haielewi kiwiliwili. Halafu, nikiwa nimekaa sakafuni nimeshika suruali, nikakumbuka jambo la pili. Redio ikirekodi kwa mwendo mbovu na kupiga kwa mwendo ule ule mbovu, sauti inatoka sawa tu. Kwa hiyo kipimo chenyewe hakikupima kitu chochote.

Kaka kutoka chumbani akauliza nimebonyeza nini tena. Tangu utoto ananiita Bonyeza. Nikasema hakuna.

Alhamisi, 7 Machi

Sikutaka kutoka kitandani. Nimetoka kwa sababu Kinyozi alikuwa anagonga mlango kwa kitako cha brashi.

Kinyozi kaja kunisema. Eti Kaka kafika kwake kunyolewa kwa ajili ya safari, kakuta watu, kaelekezwa kiti cha kusubiria. Kakaa. Kapapasa mkono wa kulia wa kiti, pale nilipowahi kupaunguza kwa kifaa cha kuchomelea. Kaguna. Kasema vanishi bado haijakauka. Basi, hakuongeza neno. Kinyozi akasema haya ninayomfanyia ndugu yangu ni madhambi, na kwamba mzee wa watu alivuka barabara peke yake huku magari yanafunga breki. Nikamwambia Kaka ni mtu wa mawazo mengi, na ashike mkasi wake. Nikafunga mlango. Umbea mtupu!

Lakini Kaka kajua, na hakusema. Ningependa kusemwa. Tusi moja la nguvu lingenipa nafuu.

Alasiri akaniita chumbani kwake. Sanduku liko kitandani, limeshafungwa! Nyuma ya matairi, gizani, kalipata vipi? Anadai kwa kunusa mpira. Nikamkuta kashika redio kaseti, anasikiliza Jaribio, jaribio, fundi yuko kazini. Anacheka. Anacheka mpaka kashika mbavu, machozi yanamtoka, kicheko ambacho sijakisikia tangu msiba wa shemeji. Nikaumia na nikafurahi kwa pamoja. Nikamweleza yote: mashine, kichogo, lastiki, kibanzi.

Alipomaliza kucheka akafungua sanduku, akachimba chini kabisa, akatoa kaseti iliyofungwa kwenye leso. Akaniomba nimsomee jina, eti miwani yake ina vumbi. Miwani yenyewe ilikuwa mfukoni! Nikasoma. Mwandiko wa mama. Nyimbo zake alizokuwa akizipiga akipika.

Akasema nigeuze upande wa pili, baada ya wimbo wa kwanza. Nikaweka. Mwanamke anaimba, anaimba, katikati ya neno anakatika, na hapo hapo: kelele za kukwaruza, paka mlangoni. Babu Taa! Mzima!

Kaka alikuwa amemnakili tangu utotoni. Akasema alijua ipo siku nitabonyeza.

Nilimkumbatia. Kisha nikamwachia. Kisha nikakumbuka. Kaseti ile ya mama! Upande wa pili ulipoharibika nilichapwa mimi. Mimi! Niliapa kwa kila kilichomo mbinguni kwamba sikuigusa, mama akasema nani mwingine anabonyezabonyeza humu ndani, na Kaka alikuwa kasimama mlangoni anakula muhogo. Fimbo zile nazikumbuka kwa majina.

Nikafura. Nikasema haki yangu naidai leo. Fidia ni moja: asiende. Kaka akasema ni kweli, alinikosea, na pole yake imechelewa sana. Lakini kubaki hawezi. Ila kesho atacheza na mimi, mchezo mmoja, mpaka mwisho.

Nikauliza hawezi kwa nini. Akanigeuzia uso kama mtu anayetaka kusema neno. Halafu akaniomba nimtafutie soksi yake nyeusi ya pili. Ilikuwa mbele ya goti lake. Uvivu umemwingia mpaka kwenye mifupa.

Ijumaa, 8 Machi

NIMEMSHINDA KAKA.

Naandika tena nijisomee. Nimemshinda Kaka!

Kwa utaratibu. Asubuhi nzima imeliwa na kuilisha mashine. Kuna kiskrubu karibu na kichwa cha redio kaseti, unakizungusha kwa bisibisi unywele kwa unywele mpaka kelele ziwe kali. Mama wa ukuta wa pili, jirani yetu, kagonga, kauliza kama tunachinja kitu na kama tuna kibali. Nikamwambia tunaamsha mzee. Akaondoka mbio.

Mara ya kwanza ikagoma. Mara ya pili nikapiga chafya. Mara ya tatu Kaka na mimi tukabana pumzi, magoti yamegusana, kama zamani, na yule kibabu akatokea na taa yake, na ule wimbo wake mbovu wa noti nne.

Kwa muda ule baba alikuwa kazini, mama alikuwa jikoni, na hakuna basi lililokuwa linakwenda popote.

Nikaanza mimi. Vidole viliteleza, nikaanguka ngazi ya kwanza, lakini kidogo kidogo nikakumbuka. Kisha zamu ya Kaka. Kaka naye na madaha! Kakaa juu ya kreti, sikio kalisogeza karibu kugusa kioo, uso kaugeuzia ukutani. Hatazami hata skrini! Dharau ya waziwazi, anionyeshe kwamba mimi nashindwa bila kutazamwa. Kaniomba tu ninyamaze.

Na anakwenda! Popo wanalia ti-ti-ti, anasimama, wanapita, anaruka. Maji to, anainama. Kru-kru, kapanda. Vidole vyake vinajua njia kama ng'ombe ajuavyo zizi. Midomo inahesabu kimyakimya. Uso wake ulikuwa mzuri, niseme kweli. Nilimwona vile alivyokuwa zamani.

Lakini alama zake zilikuwa zinanikaribia. Babu Taa wake yuko uhai wa mwisho, ngazi ya mwisho, jiwe moja tu anipite. Nikaona fimbo zile zote. Nikaona Jumamosi. Nikaamua.

Nikaimba. Wimbo wa mama, ule wa kaseti, kwa sauti yote Mungu aliyonipa. Nikapiga makofi. Nikagonga sufuria kwa bisibisi.

Kaka akasita. Vidole juu ya vitufe, havishuki. Kibabu kimesimama katikati ya mgodi, taa inafifia, yeye kageuza shingo huku na huku kama aliyeitwa na watu wawili. Akasema taratibu, Bonyeza, kelele. Nikaingia ubeti wa pili. Popo akaja, akamchukua.

Nimeshinda! Nimezunguka chumba, suruali imeanguka, nimeiacha! Kaka akatabasamu, akaulekea mlango, akasema hongera. Akauliza ni ngapi kwa ngapi. Nikamwambia atazame mwenyewe, si imeandikwa pale kubwa kama bango? Akasema ananiamini.

Basi nikamwuliza, kwa kuwa sasa lazima alipize, kesho haondoki, sivyo? Akasema atalipiza siku nitakayokwenda. Niende wapi? Nyumbani ni hapa. Nimekasirika, nikashindwa hata kuifurahia siku yangu.

Jumamosi, 9 Machi

Binti yake kafika na teksi. Nesi, mkavu kama bandeji. Kanisalimu shikamoo baba mdogo, kisha kamshika baba yake kiwiko toka chumbani mpaka sebuleni, anamwambia kizingiti, anamwambia zulia. Nikamwambia huyu si yai. Akafungua mdomo. Kaka akakohoa, binti akaufunga.

Kaka akatembea mpaka ukutani, penye msumari wa nguo. Koti langu la mvua limening'inia. Akalishika bega, akalipigapiga, akaliambia, haya Bonyeza, baki salama, usile makombo ya juzi. Mimi nimesimama upande wa pili karibu na televisheni! Nikacheka sana. Kaka kwa utani hajambo, hata siku ya kuagana. Binti hakucheka. Watu wa hospitali hawana hilo.

Nikamfuata, nikampa mkono mwenyewe. Akaushika, akaupanda mpaka kwenye kiwiko, mpaka bega, mpaka akanigusa shavu. Mkono wake una baridi. Nikamwambia atachelewa basi.

Teksi ikaondoka. Alikuwa anapunga mkono upande wa Kinyozi.

Nimekaa juu ya kreti. Nimepika ugali wa watu wawili kwa mazoea. Friji inalia.

Jumapili, 10 Machi

Mashine sijaizima tangu Ijumaa. Ikizimwa inasahau, na alama zangu ziko pale juu, zangu juu, zake chini. Nimeiwekea feni ya kuipooza. Nimeifunika kitambaa cha meza. Kila nikiamka nainua kitambaa, nasoma, nalala tena.

Lakini ushindi bila shahidi ni sawa na kujipa shikamoo mwenyewe. Kaka mwenyewe hakutazama! Nikaenda kumwita Kinyozi. Akasema ana mteja. Nikasema ni historia. Akamwacha mteja na povu kidevuni, tukavuka barabara, nikafungua mlango, nikamwambia avue viatu. Akavua kimoja. Umeme ukakatika.

Tulisimama pale. Feni ikazunguka, ikazunguka, ikakata tamaa. Kinyozi akavaa kiatu chake. Akasema yeye anaamini anachokiona. Kisha, mlangoni, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimekula. Siitaki huruma yake!

Umeme uliporudi mashine ilikuwa haijui lolote. Skrini tupu, kidoti kimoja kinakonyeza.

Mimi pia sikumbuki vizuri ilikuwa ngapi kwa ngapi.

Jumatatu, 11 Machi

Asubuhi nimekwenda kunyolewa. Kinyozi akatazama kichwa changu, akasema hakuna nywele za kunyoa. Nikasema nitasubiri ziote. Nikakaa kwenye kiti cha Kaka mpaka adhuhuri. Hakunifukuza.

Mchana binti akapiga simu. Akasema baba yake kamkataza kuniambia, lakini yeye hawezi kulala na jambo hili. Kaka haoni. Tangu mvua za mwaka jana macho yalikuwa yanafifia, na sasa anachoona ni mwanga tu, dirisha na taa. Hakutaka nijue. Eti nikijua nitalia, na nikishalia nitafanya upumbavu, na mwisho wake tutaangukiana wote wawili humo ndani bila wa kumwinua mwenzake.

Akasema tangu afike, kwa kila mgeni Kaka ana hadithi moja tu, ya Ijumaa. Jinsi alivyomwongoza kibabu mgodini kwa kusikia, kila popo anamjua kwa mlio, mpaka mdogo wake alipoimba. Anaiga na sufuria. Anacheka mpaka wanamletea maji. Binti akasema hajamwona hivyo tangu mama yake afariki. Akasema, baba mdogo, njoo. Kitanda kipo. Anauliza kila siku kama umepiga simu.

Nikasema nitafikiria. Nikakata simu kwa sababu sauti ilikuwa inanitoroka.

Nikakaa sakafuni, pale pale alipoangukia. Kidole kwenye chai. Mkono ukutani. Soksi. Koti langu la mvua, bega linapigwapigwa. Kila siku nimemwandika humu, kila siku nimemwona, na sikumwona. Nimelia. Mpaka nikapaliwa, nikalia tena. Hasomi mtu, naandika.

Kisha, katikati ya kamasi, nikaelewa!

Alikuwa anasikiliza! Hatazami, anasikiliza! Ti-ti-ti, na yeye tayari anajua popo yuko wapi kabla hata hajatokeza bawa! Na ndivyo alivyocheza tangu utoto, sasa nakumbuka, kichwa kimeinama upande, mimi nimekodoa macho kama chura mpaka yanatoa machozi. Huo si mchezo, huo ni wizi! Maisha yangu yote nimeshindwa na masikio! Na Ijumaa, lau si wimbo, angenishinda tena, kipofu mzima, mbele ya macho yangu mawili!

Haiwezekani. Lazima turudie, kwa haki safari hii, na mashahidi wawepo.

Nimekwenda kwa Kinyozi. Nimempa friji, kanipa kiti. Kasema friji inalia. Nikamwambia ndiyo maana. Kiti nimekifunga kamba, kitapanda juu ya basi pamoja na mizigo. Nimenunua na kopo la vanishi. Kichogo nitakipakata mwenyewe, kompyuta iko kwenye shuka, kaseti ya mama iko kifuani. Lastiki nimeomba nyingine kwa mama wa ukuta wa pili, hakuuliza ya nini, kanirushia dirishani. Basi ni alfajiri. Sijui nitakaa huko kwa muda gani. Mpaka matokeo yaeleweke.

Na mpango safari hii hauna tundu hata la sindano. Zamu ya Kaka ikifika, nitazima sauti.